Mtungi Wenye Mabega Meupe

Vijana wangu, niliwaona juzi pale Nyakato mkichomelea geti huku mmevaa miwani ya jua. Miwani ya jua! Ile ya kuendea harusini! Nilisimama ng'ambo ya barabara nikataka kuwapigia kelele, kisha nikajizuia, maana mzee akipiga kelele barabarani watu husema kustaafu kumemchanganya. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nisomeni taratibu, na anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nitacheka mahali pengi.

Naitwa Fundi Shija. Nimechomelea vyuma katika mji huu wa Mwanza tangu nilipokuwa na nywele za kuchana: mageti, matangi ya maji, boti za chuma, vitanda vya hospitali, hata kengele ya shule moja ambayo mpaka leo wanafunzi wanailaani kila asubuhi. Na karibu muda huo wote nimeishi na maumivu ya kichwa ambayo kwa miaka mingi sikuyajua jina. Nawasimulia vyote viwili pamoja, kazi na kichwa, kwa sababu kwangu mimi havikuwahi kutengana. Tena nataka mjue jinsi kichwa hicho kilivyokaribia kuninyima jambo nililolitamani kuliko jingine lolote maishani: kumshika mkono binti yangu Milembe na kumwingiza kanisani siku ya harusi yake.

Lakini kwanza tuzungumze habari za mikono.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mazigo, Mkerewe mfupi, mcheshi, asiye na nyusi. Nyusi zake ziliungua ujanani, kwenye karakana aliyojifunzia, siku fundi mmoja alipopaka grisi kwenye geji ya mtungi wa oksijeni ili ifunguke kwa urahisi. Ilifunguka kwa urahisi kweli. Tangu hapo Mzee Mazigo aliogopa mafuta kuliko alivyoogopa moto. "Oksijeni yenyewe haiwaki," alikuwa akituambia, "lakini mafuta yakikutana nayo yanasahau adabu." Kila asubuhi, kabla mtungi haujafunguliwa, alitupanga mstari, watu wazima wenye ndevu na watoto nyumbani, akapita mbele yetu.

"Onyesha mikono!"

Tunageuza viganja juu, tunageuza chini. Akitilia shaka ananusa. Aliyekula sangara wa kukaanga anarudishwa bombani na kipande cha sabuni ya kufulia, wala habishani. Mwenzetu Njile alipooa, mkewe alikuwa akimpaka losheni kila asubuhi kabla hajatoka, na kila asubuhi Mzee Mazigo aliinusa mikono ile na kusema, "Njile, leo tena umekuja kuposa?" Njile akaenda bombani karibu mwaka mzima. Siku alipoacha kwenda tukajua fungate imeisha.

Siku za Jumamosi mama Milembe aliniletea uji kutoka nyumbani Mabatini, akiwa na Milembe mgongoni, na baadaye akiwa amemshika mkono. Yule mtoto aliupenda mstari wetu kuliko peremende. Alikuwa anajipanga mwisho kabisa, ananyoosha viganja vyake vidogo, na Mzee Mazigo anainama kwa heshima zote kuvinusa. "Huyu amekula karanga. Bombani!" Mtoto anakimbia huku anacheka. Sheria hiyo akaihamishia nyumbani. Nikirudi jioni na njaa yangu, nimeshakaa mbele ya ugali na sato, nasikia sauti nyembamba: "Baba, onyesha mikono." Nami naonyesha, maana sheria ni sheria.

Sasa kichwa.

Siku kilipokuja mara ya kwanza tulikuwa ufukweni Igombe, tunachomelea ubavu wa boti. Jua limeshaanza kushuka, upepo wa ziwani mzuri, Njile anaimba. Ghafla nikasikia kitu nyuma ya jicho la kulia, kama mtu anasukuma msumari wa moto kutokea ndani kuja nje. Jicho likawa jekundu, machozi yakaanza kutiririka, kope likashuka, pua ya upande huohuo ikaziba halafu ikamwagika. Upande wa kushoto nilikuwa mzima kabisa, ningeweza kwenda kupiga picha ya pasipoti. Nilitupa chombo cha kuchomelea nikaanza kutembea kuizunguka boti, naizunguka tu, nagonga bati kwa ngumi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi siku ile nilikuwa maiti anayetembea. Baada ya muda, chini ya saa moja hivi, yakakatika yenyewe na nikawa mzima kama sikuwa mimi.

Hapa ndipo mafundi wenzangu walipofanya kosa ambalo mafundi wa kuchomelea peke yao wangeweza kulifanya. Ninyi mnajua kwamba ukitazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi, macho yanaungua. Yanakuwa mekundu, yanatoa machozi, unahisi mchanga umeingia ndani. Mwanafunzi akipatwa na hilo anachekwa siku moja, yamekwisha. Fundi aliyebobea akipatwa nalo ni aibu ya kuhama mji. Basi waliponiona na jicho jekundu linalovuja machozi, wakapiga yowe kwa furaha: "Shija kachungulia!"

"Sijachungulia!"

"Jicho hilo linasemaje?"

Wakanikamata, wakanilaza mchangani, wakaniwekea kipande cha kiazi mviringo juu ya jicho. Hiyo ndiyo dawa ya mafundi ya macho yaliyoungua, hiyo na maziwa. Kesho yake saa ileile kichwa kikarudi, na kiazi kikarudi. Keshokutwa vilevile. Jirani yetu muuza chipsi akawa ananitengea kipande kabisa, ananiita kwa jina jipya: Fundi Chungulia. Vijana, jina hilo lilinikaa miaka. Nilikwenda Kirumba kukagua kazi, mtu nisiyemjua akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo, wewe ndiye Mzee Chungulia?" Niliitikia marahaba kwa sababu ya malezi tu.

Mzee Mazigo peke yake ndiye aliyenitetea. Alinitazama siku nne tano, kisha akawaambia wenzangu, "Moto wa kuchomelea hauchagui jicho. Unapiga yote mawili, tena unakusubiri ufike nyumbani ndipo uanze kulia. Huyu analia jicho moja, saa ileile, hata siku asiposhika kazi. Hili ni jambo jingine." Ni jambo gani, hata yeye hakujua. Lakini kuaminiwa na mtu mmoja kunapunguza nusu ya maumivu, nawaambia kweli.

Nilihangaika na dunia. Niling'olewa jino zima la juu, zuri tu, ambalo halikuwa na hatia yoyote. Nilipewa miwani. Nilisafishwa pua. Shangazi yangu alisema nimerogwa na fundi mwenzangu mwenye wivu, na nilipomuuliza ni yupi, alimtaja Njile kwa sababu alikuwa anaimba sana. Wengine waliniambia ni kipandauso, na nikameza vidonge vya kipandauso mpaka nikachoka. Lakini mwenye kipandauso hutafuta kitanda na giza, hataki hata mlango ugongwe. Changu mimi kilikataa kabisa nikae. Kilinitembeza. Mkimwona mtu anaumwa kichwa upande mmoja, jicho linatiririka, naye anatembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, mkumbukeni Fundi Chungulia.

Tena kilikuwa na msimu. Kinakuja wiki kadhaa, kila siku, saa yake ileile ya alasiri, halafu kinapotea miezi mingi, mwaka hata zaidi, mpaka unaanza kukisahau. Ni kama dagaa wetu: ziwa limejaa, kisha mbalamwezi inatoka na wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Katika msimu wangu wenzangu walikitumia kama saa ya ukutani. Njile akiniona naanza kulizunguka tangi anasema, "Haya jamani, chai imeiva." Na chai kweli ilikuwa imeiva.

Jambo moja nilijifunza mapema bila daktari: ndani ya msimu, bia ni adui. Funda moja tu, hata glasi haijafika nusu, na msumari umeshafika. Nje ya msimu naweza kunywa na nisipatwe na kitu. Kwa hiyo marafiki zangu walikuwa wakiniona na soda wanauliza, "Dagaa wameingia?" Nawajibu wameingia. Wananipisha kwa heshima, wanakunywa na ya kwangu.

Sasa kuna safari moja ambayo ilinifungua macho, ingawa ilichukua miaka mingi kuielewa. Mzee Mazigo alipata kazi ya kuchomelea mabomba ya boila katika kiwanda kimoja cha chai huko nyanda za juu kusini. Akanichukua mimi. Nilikuwa ndani ya msimu lakini niliona aibu kukataa. Vijana, huku kwetu nilikuwa napata kichwa mara moja kwa siku. Kule juu kilikuja asubuhi, kikaja alasiri, kikaniamsha usingizini, na kila kimoja kikali kuliko mwenzake. Nililaumu baridi. Nililaumu harufu ya chai mbichi. Nilimlaumu hata mpishi wa kiwanda. Mzee Mazigo alifanya kazi ya watu wawili na hakunisema neno, ila kila nilipomaliza kutembea alinipa kikombe cha chai ya tangawizi na kuniambia, "Kunywa, boila." Tuliposhuka na kurudi ziwani, siku ya pili tu kikarudi kwenye saa yake moja ya zamani, kwa adabu. Nikafurahi kukiona, fikirieni, kama mtu anayefurahi kurudi kwa mkopeshaji wake wa kawaida.

Jina la ugonjwa nililipata nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Nilimkuta daktari kijana, mwanamke wa Kihaya kutoka Kagera, wagonjwa wakimwita Dokta Koku. Aliniamkia shikamoo kabla hajaniuliza naumwa nini, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kufanyiwa: akanyamaza akasikiliza. Nilimsimulia jicho, pua, kutembea, saa ya chai, dagaa, bia, kiwanda cha chai. Nilipomaliza nilikuwa namwomba radhi kwa maneno mengi, lakini yeye alikuwa anatabasamu.

"Baba, huu ugonjwa unajulikana. Ni maumivu ya kichwa yanayokuja kwa makundi, msimu kwa msimu. Siyo jino, siyo macho, na hujarogwa na mtu."

Nilitaka kulia. Nililia, kusema kweli, tena kwa macho yote mawili. Njile angekuwepo angepata ushahidi.

Akanieleza kwamba kuna vidonge vya kuzuia msimu usiwe mkali, ila lazima moyo upimwe kwanza na niwe naonwa mara kwa mara. "Na shambulio lenyewe likija," akasema, "dawa mojawapo nzuri ni kuvuta oksijeni safi kwa barakoa, kwa kasi kubwa, umekaa, kama robo saa hivi."

"Nivute nini?"

"Oksijeni, baba."

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kutazama. Dokta Koku akadhani nimepatwa na jambo jingine. Ikabidi nimweleze kwamba mtu aliyekaa mbele yake ameshika mtungi wa oksijeni kila siku ya kazi tangu ujana wake, ameubeba begani, ameuviringisha, ameupakia kwenye boti, ameugeuza kiti cha kunywea uji wakati huohuo kichwa kinampasuka.

Nilipompelekea Mzee Mazigo habari hizo kwake Ukerewe, ambako alikuwa amepumzika na mikungu yake ya ndizi, alishika magoti akacheka kimyakimya kwa muda mrefu. "Shija," akasema, "umekufa kiu umesimama ndani ya ziwa."

"Sasa si nirudi nikafungue ule wa karakana, nivute?"

Kicheko kikaisha palepale. "Ule wa karakana umejazwa kwa ajili ya chuma. Wewe ni chuma?"

Na Dokta Koku alikuwa ameshaniambia hivyohivyo kwa maneno ya kidaktari: mtungi wa hospitali unajazwa na kupimwa kwa ajili ya mapafu ya mtu, una geji yake na barakoa yake, na unatumiwa kwa maelekezo. Ule wa kwetu hakuna anayejua umepitia wapi na umewahi kubeba nini. Mtautofautisha kwa macho: wetu ni mweusi kuanzia juu mpaka chini, wa hospitali aliokuwa nao yeye ulikuwa na mabega meupe, kama mchungaji. Narudia kwa sababu nawajua, ninyi mnaopenda njia ya mkato. Hewa ya karakana iacheni karakana.

Nilipata shambulio lile ndani ya hospitali mara ya kwanza kwa bahati, nimekuja kupimwa moyo. Wakanivisha barakoa. Nilikaa nimeinama mbele, mikono magotini, navuta. Ndani ya robo saa msumari ukalegea, ukalegea, ukatoka. Nilibaki nimekaa pale nautazama ule mtungi kama mtu aliyemkuta ndugu yake wa tumbo moja uzeeni.

Basi nikastaafu kwa furaha. Halafu Milembe akapata mchumba.

Kijana mwenyewe, Ayubu, nilimpenda siku ya kwanza. Alikuwa bwana shamba, amefanya kazi huku kwetu miaka mitatu, anacheka kwa sauti kubwa na anakula ugali wa muhogo bila kuuliza ni nini. Kosa lake ni moja: kwao ni Makete, juu kabisa, kwenye ukungu na baridi ya kuganda vidole. Aliyemlea ni bibi yake mzaa baba, mzee ambaye miguu yake haikuweza tena safari hata ya kufika wilaya ya jirani, sembuse kuvuka nchi mpaka Mwanza. Ikaamuliwa send-ofu tufanye huku na ndoa ifungwe kule, bibi aone. Tarehe ilipotajwa, nikahesabu moyoni. Dagaa walikuwa wameshaingia wiki iliyotangulia.

Nilificha siku mbili. Siku ya tatu Milembe aliniona nazunguka mpapai wa nyumbani, na hakuhitaji kuambiwa.

"Baba, basi harusi tuifanye hapa."

"Na bibi yake?"

Mdogo wangu, baba mdogo wa Milembe, akajitolea kumwingiza kanisani badala yangu. Alisema kwa moyo mwema kabisa, na nilimchukia kwa dakika nzima. Nimemsamehe, na ndiye atakayenipelekea maandishi haya kwa mpigachapa. Lakini nataka mjue nilivyojisikia: nilikuwa tayari kutembea nimeumwa, nitoe machozi, niitwe Chungulia mbele ya wakwe, ila nisikae nyumbani Mabatini wakati mtoto wangu anaingia kanisani na mkono wa mtu mwingine.

Nikaenda kwa Dokta Koku. Hakunidanganya. Aliniambia kwamba huko juu hewa ni nyembamba, oksijeni unayovuta kila pumzi ni pungufu, na kuna wagonjwa wa aina yangu wanaosema mwinuko unawazidishia mashambulio. Haijathibitika kwamba ni hivyo kwa kila mtu. "Lakini wewe una kiwanda cha chai, baba. Hatuwezi kujifanya hatukukisikia." Nikamkumbusha kwamba mwaka mmoja nilipita nyanda hizohizo nje ya msimu na sikuumwa hata unywele. Akasema ndiyo, na bahati mbaya tarehe ya harusi haikuulizwa kwa dagaa.

Kisha akapanga. Vidonge vya kuzuia tulikuwa tumeshavianza, akanipima tena moyo. Akataka tusipande mlima kwa mara moja, tulale Iringa njiani. Nisiguse pombe hata ya kugonganisha glasi. Nilale saa zangu. Na akampigia simu mwenzake kule Makete, akaniambia zahanati iko kiwanja kimoja na kanisa, na mtungi wenye mabega meupe utakuwa umesimama tayari. Nilitoka pale nimeinua kichwa, mbovu vile kilivyo.

Tukaondoka stendi ya Nyegezi alfajiri, mimi, mama Milembe, na ndugu wa kutosha kujaza basi dogo. Kufika Makete, wakwe walitupokea kwa nyimbo na blanketi, nami nikapewa nafasi ya mbele mezani. Sahani ikaletwa. Viazi mviringo. Vimechemshwa, vimekaangwa, vimerostiwa na nyama. Nilivitazama kama watu ambao tumewahi kukutana polisi. Mke wangu alianza kucheka, akaziba mdomo na kanga, na ikabidi niwasimulie wakwe habari yote ya Fundi Chungulia. Bibi yake Ayubu, amejifunika mablanketi matatu, alicheka mpaka wakaogopa. "Mkwe," akaniambia, "hapa viazi vyetu tunavila kwa mdomo."

Siku ya ndoa, baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Mama Milembe hakutaka niaibike mbele ya kamera, akanipaka vaselini usoni, shingoni na mikononi mpaka nang'aa kama geti jipya. Nikavaa suti. Tukasogea kanisani. Kwaya ilikuwa imeshaanza, maharusi wadogo wameshapangwa, Milembe yuko kwenye gari na shela lake. Na kichwa, kwa sababu kule juu hakifuati saa, kikafika.

Nilivuka kile kiwanja nusu natembea nusu nakimbia, jicho limeshafunga. Muuguzi alikuwa anajua kazi yake: ameshafungua, geji imesimama sawa, barakoa iko mkononi. "Kaa, baba, uvute." Nikanyoosha mkono kuipokea, nikaona kiganja changu kinavyong'aa. Nikaurudisha.

"Mafuta," nikasema. "Nina mafuta uso mzima."

"Ni kweli, baba," akasema, akaweka barakoa chini haraka. "Ngoja nilete maji, bomba la humu limeganda."

Akatoka mbio. Mimi nikabaki naizunguka meza. Naizunguka, naipiga ngumi, nasikia kwaya ng'ambo inamaliza wimbo na kuuanza upya, najua ni kwa ajili yangu. Nikawaza: basi, ndugu yangu amwingize. Nilishafungua mdomo nimwambie mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni analia na kopo lake la vaselini mkononi.

Mlango ukafunguka, lakini aliyeingia hakuwa muuguzi peke yake. Muuguzi amebeba birika la maji ya moto yaliyotoka jikoni kwa wapishi wa harusi. Mbele yake yuko Milembe, ameshika beseni na kipande cha sabuni ya kufulia, gauni limekunjwa mpaka magotini, shela ametupa nyuma ya mabega kama kanga ya shamba.

"Baba," akasema, "onyesha mikono."

Nikanyoosha, viganja juu. Nikageuza, viganja chini. Akaviosha taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaniosha uso na shingo, povu likaruka mpaka kwenye gauni lake na hakujali. Akanikausha kwa kanga ya mama yake. Akanusa. "Safi," akamwambia muuguzi, na ndipo nikavishwa barakoa.

Sijui kwaya iliimba nyimbo ngapi. Najua walirudia ile ya kwanza mpaka bibi akaanza kuiongoza mwenyewe. Navuta, naachia. Milembe amekaa kwenye benchi kando yangu, ameshika goti langu. Msumari ukalegea. Ukatoka. Nilikuwa nimechoka, jicho jekundu, alama ya barakoa imenizunguka pua na mdomo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Tukaingia. Mkono wake katika mkono wangu, tunanuka sabuni ya kufulia wote wawili. Watu walisimama, na nadhani wengi waliamini nalia kwa uchungu wa kumtoa binti. Jicho moja lilikuwa hivyo kweli.

Mbele ya madhabahu Ayubu alikuwa anasubiri. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu. Nikasema ni mimi, baba yake. Nikauinua mkono wa Milembe niuweke katika mkono wa kijana, kisha nikasita.

"Ayubu," nikamwambia, "onyesha mikono."

Hakuuliza kwa nini. Akanyoosha viganja juu, akavigeuza chini. Mchungaji ameshika kitabu chake. Nikainama nikanusa. Shangazi zake walikuwa wamempaka vaselini mpaka kwenye viwiko.

Nikamgeukia Milembe. "Huyu amepakwa mafuta."

"Niachie mimi, baba," akasema, akaushika mkono wa Ayubu. "Nitamwosha mwenyewe."